Hukumu ya Karani Shujaa

Picha haijafika hata robo, Yeremia Nambunga alikuwa ameshajaa karaha hadi kooni.

Mabwana wa Dar es Salaam waliotengeneza picha ya kesi ya korosho hawakujisumbua hata kuuliza mkorosho unafananaje. Dada wao wa kwenye kioo, kucha nyekundu, nywele za dukani, alikuwa ameinama chini ya mwembe akiokota kitu alichokiita korosho, na maembe yananing'inia juu ya kichwa chake. Wanaotazama ni watu wa Newala, waliokulia chini ya mikorosho, na wengine walizaliwa chini yake hasa, pale uchungu ulipomkuta mama yao shambani msimu wa kuokota. Banda zima likaguna.

“Sasa hizo zitabanguliwa au zitamenywa?” aliuliza mama mmoja kutoka kwenye mkeka, na watu wakavunjika mbavu.

Kisha likaja gunia. Kijana wa kwenye picha alilinyanyua kwa mkono mmoja, akalitupia begani, akaondoka nalo akipiga mluzi. Gunia la korosho, kilo themanini! Wanaume waliokaa benchi la nyuma, ambao migongo yao inalijua gunia vizuri kuliko inavyolijua godoro, walipiga kelele za kuchukizwa. Mmoja alitema mate kwenye sakafu ya udongo, akayafukia kwa kisigino.

Hilo lilikuwa banda la video la Fakihi, nyuma ya soko la Newala. Madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza liingie mchana, jenereta inanguruma uani, televisheni moja imewekwa juu ya meza ndefu, na deki imefunikwa kitambaa cha kufumwa kana kwamba ni kikombe cha misa. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, mwaka elfu mbili na nne. Watu mia na ushee wamebanana, joto limewafanya wote wanuke harufu moja, na Yeremia amekalishwa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, kwa sababu kitabu kilichozaa picha hiyo ni chake.

Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na sita. Mahakama yenyewe ilikuwa kwenye kata moja hapo uwandani, kwenye uwanda wa juu wa Newala, jina lake tuliache. Alipostaafu aliandika riwaya, akaiita Karatasi ya Waridi, akaichapisha kwa kujibana, nakala mia tatu. Nyingi zilibaki chini ya kitanda, na mchwa ndio waliokuwa wasomaji wake waaminifu. Halafu ikaja kampuni kutoka jijini, vijana wawili wenye miwani ya jua, wakamwambia riwaya yake ni dhahabu. Akatia sahihi. Hawakumwonyesha kitu kingine mpaka mkanda ulipopanda Newala na basi la Mtwara, juu yake umeandikwa Karani Shujaa.

Karani Shujaa! Jina hilo hakuliandika yeye.

Na sasa wakafika mahakamani. Mahakama ya mwanzo ya kwenye picha ilikuwa na zulia. Hakimu alikuwa amevaa wigi jeupe la Kizungu na kushika nyundo ya mbao, akiigonga kila mtu akipiga chafya. Mawakili wawili, majoho meusi hadi visiginoni, walikuwa wakirukiana na kunyoosheana vidole.

“Wakili kwenye mahakama ya mwanzo?” Sauti ya mzee mmoja ilipaa kwa uchungu wa kweli. “Tangu lini?”

Hapo picha ilikuwa imechokoza watu wasiochokozeka bure. Kabla video haijaja, mahakama ndiyo ilikuwa sinema ya uwandani. Siku ya kesi watu walifunga mihogo yao kwenye kitambaa, wakaenda kukaa chini ya madirisha tangu asubuhi, wakasikiliza kesi za mipaka, za talaka na za mbuzi mpaka jua linazama. Walijua wakili hakanyagi pale. Walijua hakimu haketi peke yake, ana washauri wawili, wazee wa kawaida wa kata, na kura ya kila mshauri ni sawasawa na kura ya hakimu. Washauri wawili wakisema hapana, hakimu na elimu yake yote amezidiwa, na anatia sahihi hukumu asiyoitaka.

Ndiyo maana Fakihi, mtu wa Lindi aliyehamia na jenereta yake, alipoona kila picha ikiisha watu wanabaki bandani wakibishana, aliwatengenezea utaratibu wao wenyewe. Picha ikikatika, anateua hakimu mmoja na washauri wawili kutoka miongoni mwa watazamaji. Kila mmoja anasimama anatoa rai yake: picha ina hatia ya uongo au haina. Wengi wape. Hukumu inaandikwa kwenye daftari na wote watatu wanatia sahihi. Picha yenye hatia inarudishwa Mtwara na basi la kesho yake, na isiyo na hatia inaonyeshwa wiki nzima. Watu walilipenda baraza hilo kuliko picha zenyewe.

Leo hakimu ni Yeremia. Na Yeremia alikuwa na jambo lake.

Jambo lenyewe lilikuwa na miaka kumi na moja, na mwenye jambo alikuwa ameketi safu ya tatu, upande wa wanawake, ametulia na kitenge cha kijani. Justina wa Chilangala, mama yake Dominika. Yeremia ndiye aliyemtumia salamu: njoo Jumamosi Newala, kuna neno la kusikia. Hakuwa na uhakika kama atakuja. Alipoingia alimwamkia kama mtu yeyote, “Shikamoo, Baba Kasiani,” kwa jina la mwanawe, naye akaitikia marahaba, na toka hapo hakuthubutu kugeuza shingo.

Mwaka tisini na tatu, ruhusa ya wanunuzi binafsi kununua korosho ilikuwa bado mbichi. Malori mageni yalipanda uwandani kila wiki, na kila mnunuzi alitaka mkulima awe wake peke yake. Mmoja aliitwa Bwana Cecil. Justina aliweka magunia matatu ya korosho zake kwenye ghala la Cecil, mvua isimharibie, akapewa karatasi ya rangi ya waridi yenye jina lake na idadi. Baadaye akasikia mnunuzi mwingine anatoa bei nzuri zaidi, akaenda kuchukua mali yake. Cecil akamwitia mgambo. Mwizi wa ghala, akasema, na watumishi wake wakaapa.

Kabla kesi haijasikilizwa, Justina alifika kwa karani, akamkabidhi ile karatasi aiweke kwenye faili. Siku ya kesi aliitaja. Hakimu akageuka. “Karani, uliipokea?”

“Sikuipokea, mheshimiwa.”

Basi. Maneno mawili. Washauri wakatikisa vichwa kwa huzuni, hakimu akafunga faili, Justina akapelekwa gerezani Masasi mwaka mmoja. Karatasi yenyewe ilikuwa imeshateketea jikoni kwa Yeremia, chini ya sufuria ya ugali.

Na kwa nini? Kwa maji. Newala ikikauka inakauka kweli. Mashine ya kupandisha maji kutoka bondeni ilikuwa imekufa tangu Julai, wanawake wanaamka alfajiri kushuka mteremko na ndoo, wanarudi jua la utosi. Lori la Cecil likaanza kupita kwa karani kila Jumanne, likishusha mapipa mawili ya maji. Oliva, mkewe, aliuliza mara moja tu ni ya nani. “Ya serikali,” Yeremia alijibu. Wakaoga, wakafua, wakanywesha mpaka kuku, hadi mvua ziliponyesha.

Justina alipotoka, shamba lake halikuwapo. Hakuna aliyelipalilia, nyasi zilikuwa zimefika kifuani, moto wa kiangazi ukapita. Mikorosho arobaini aliyoachiwa na mama yake ilikuwa imesimama mkaa mtupu.

Haya yote Yeremia aliyaandika kwenye riwaya, kwa majina ya kubuni, akidhani anatubu. Lakini hata kwenye toba aliiba kidogo. Maji aliyaonea aibu, yalikuwa madogo mno, hayana hadhi ya kitabu. Kwa hiyo karani wa riwaya aliwekewa panga shingoni na watu wa mnunuzi, akaichana karatasi akitetemeka. Msomaji angemlaumu, lakini angemhurumia pia. Ndivyo alivyokuwa mtu huyu. Hata uchafu wake aliutoa nje akiwa ameupaka poda.

Leo alitaka kuumaliza. Alikuwa amejipangia maneno kwa siku nne. Atakaa kwenye kiti cha hakimu, ataihukumu picha kuwa ina hatia, kisha atasema wazi mbele ya Justina na mbele ya watu: karani ni mimi, na panga halikuwapo. Halafu Justina afanye atakalo. Alie, amtukane, amsamehe. Lolote. Alichotaka ni kurudi nyumbani bila lile jiwe tumboni.

Lakini kwanza ilibidi aivumilie picha, na picha ilizidi kuoza kila dakika. Karani wa kwenye kioo alikuwa kijana mrefu mwenye kifua kama mlango. Anaificha karatasi ndani ya kiatu. Majambazi watatu wa tajiri wanamvizia ufukweni, ndiyo, ufukweni, bahari inapiga mawimbi kwenye kesi ya watu wa uwandani, naye anawaangusha mmoja baada ya mwingine, huyu teke, huyu ngumi, wa tatu anamtumbukiza majini. Kisha mlango wa mahakama unafunguka kwa kishindo wakati hakimu ameshanyanyua nyundo.

“Mheshimiwa! Karatasi hii hapa!”

Na hapo, Mungu awasamehe, watu walewale waliocheka maembe, wakazomea gunia na kumkataa wakili, waliruka juu wakapiga vigelegele. Mama wa mkekani alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Wazee wa benchi la nyuma walikuwa wanapigana mabega. Yule mzee aliyelalamikia wakili alisema kwa sauti nzito, “Karani ndiyo huyo!” Dada wa kucha nyekundu akaachiwa huru, akamwangukia karani kifuani, wakaoana kanisani na keki ya ghorofa tatu. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, na jina lake likapita humo, limekosewa herufi moja.

Fakihi alizima jenereta, akafungua magunia madirishani. Mwanga ukawapiga watu usoni, wakabaki wakipepesa macho.

“Baraza!” Fakihi aliita. “Hakimu wetu tunaye, mwandishi mwenyewe. Mshauri wa kwanza, Mwalimu Elineema.” Mwalimu alisimama akijifuta jasho la kipara. Alikuwa Mpare, mwaka wa kumi na tano sasa anafundisha Newala, na ndiye mtu pekee bandani aliyeisoma Karatasi ya Waridi. “Mshauri wa pili...” Fakihi akaangaza upande wa wanawake, akitafuta mtu mzima aliyetulia. “Mama wa kitenge cha kijani. Karibu mbele, mama.”

Fakihi hakujua anafanya nini. Alikuwa mgeni, na wengi mle hawakuijua kesi ile, ilikuwa ya kata nyingine. Yeremia alishika mikono ya kiti. Justina alipita katikati ya magoti ya watu bila haraka, akaketi kwenye kigoda kushoto kwake, akaipanga miguu yake vizuri.

Mwalimu Elineema alianza. Alipenda kuzungumza, na alikuwa ameitafuta nafasi hiyo tangu picha ianze.

“Ndugu watazamaji, kisheria picha hii ni takataka. Wakili, wigi, nyundo, ni mambo ya kuiga, kama mtu aliyesikia habari za mahakama kwa kusimuliwa na kinyozi. Mazingira takataka. Na kitabu wamekichinja. Kwenye kitabu karani anawekewa panga shingoni, anaichana karatasi. Anashindwa. Mimi kitabu kiliniuma. Hii haikuniuma.” Watu wakaanza kunung'unika, naye akaona upepo unakovuma. “Lakini! Tujiulize, watu wetu wanahitaji nini? Kila siku tunaona watumishi wa kula rushwa. Hapa angalau watoto wataona mtumishi mwenye uti wa mgongo. Kwa funzo hilo, mimi nasema haina hatia.”

Makofi. Mama wa mkekani alipiga kigelegele kimoja kifupi.

Yeremia akasimama. Akapiga moyo konde.

“Picha ina hatia,” alisema. “Ina hatia toka mwanzo hadi mwisho, na siyo kwa sababu ya maembe. Ina hatia kwa sababu ya huyo karani. Hakuna karani wa namna hiyo. Karani wa kesi ile ni mimi. Mimi! Karatasi nilikabidhiwa mkononi, nikaulizwa mbele ya mahakama, nikasema sikuipokea. Na kitabu nacho kimedanganya, Mwalimu. Panga halikuwapo. Hakuna mtu aliyenitisha hata kwa kidole. Nililetewa maji. Mapipa mawili kila Jumanne. Nikachoma karatasi, na mama wa watu akafungwa. Mama huyo yupo humu ndani.”

Akangoja. Alikuwa amejiandaa kwa kuzomewa, hata kwa kupigwa.

Walicheka.

Siyo wote, na siyo kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyomcheka babu anayejifanya hajui kucheza ngoma. “Maji!” alisema mmoja wa benchi la nyuma. “Nang'olo, mzee wetu huyu, anatutania.” Mwingine akasema waandishi ndivyo walivyo, hawapendi kusifiwa, ukimsifia anajishusha. “Mtu mzima auze kesi kwa pipa la maji? Kwa gari sawa. Kwa nyumba, sawa.” Mwalimu Elineema alitabasamu kwa upole wa msomi na kuwaeleza walio karibu kuwa mzee anazungumza kwa mafumbo, kwamba maji ni dunia na tamaa zake. Yule mzee wa wakili peke yake ndiye hakucheka, lakini naye alitikisa kichwa. “Karani kama yule hawezi,” alisema. “Tumemwona.”

Wamemwona! Yeremia alitaka kuwakamata mashati awatikise. Yeye amesimama mbele yao kwa mwili wake, jasho linamtiririka, wanamkataa kwa ajili ya kijana wa kwenye deki. Alikuwa ameogopa vitu vingi katika siku zile nne, lakini hakuogopa kutosadikiwa.

“Sare, kura moja kwa moja,” Fakihi alitangaza, akifurahia. “Mwalimu anasema haina, hakimu anasema inayo. Mama, kura yako ndiyo inayoamua.”

Justina alisimama. Yeremia alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Uso ulikuwa umekonda kuliko alivyoukumbuka, wenye chale za zamani kwenye mashavu, na hauna hasira yoyote. Akashusha pumzi. Huyu atasema. Huyu peke yake anajua, atasema, na watamsadiki.

“Mimi naitwa Justina, mtu wa Chilangala,” alisema. “Huyu Baba Kasiani amesema kweli sehemu moja. Mwanamke wa kesi yumo humu. Ni mimi.”

Banda likawa kimya kabisa. Mtu aliyekuwa anatafuna aliacha.

“Mengine amekosea. Labda uzee. Mimi nilikuwapo, nimesimama kizimbani. Hakimu aliuliza, karani, uliipokea? Mahakama nzima ikanyamaza, kama hivi mlivyonyamaza. Karani akasimama. Akasema, mheshimiwa, niliipokea, hii hapa. Hivyohivyo mlivyoona. Siku ile nililala nyumbani kwangu, na mikorosho yangu ipo mpaka leo, nendeni Chilangala mkaione.” Akashika ncha ya kitenge, akaikaza. “Maembe na hayo manywele, hiyo ni michezo yao. Lakini karani ni huyuhuyu. Picha haina hatia.”

Paa lilitaka kung'oka. Waliokaa walisimama, waliosimama walipanda mabenchi, vigelegele vikatoka mpaka uani. Mtu wa kesi mwenyewe! Kwa kinywa chake! Watu walinyoosha mikono kumgusa Yeremia begani, kichwani, mgongoni, na yeye akabaki katikati yao kinywa wazi, hajui aanzie wapi kuukana wema.

Katika zogo hilo Justina aliinama kama mtu anayemuaga mkubwa wake kwa heshima. Midomo yake ilikuwa karibu na sikio la Yeremia.

“Ya maji nilijua tangu siku ile,” alisema kwa sauti ya chini. “Mgambo walinipitisha kwako. Nililiona lori likishusha.”

“Mama Dominika, mbona sasa umesema—”

“Chilangala ni mbali? Asubuhi moja kwa baiskeli. Miaka kumi na moja hukuja. Ungekuja ukaniambia mimi, tupo wawili, ningekutukana, labda ningekupiga na mchi, labda ningekupa maji ya kunywa, sijui. Lakini hukunitaka mimi. Uliandika kitabu kwa watu usiowajua, leo umewakusanya hawa na mimi ukaniita nije kutazama unavyolia. Ili waseme maskini, mzee wa watu, ametubu. Jioni ule, ulale.” Aliitazama mikono yake mwenyewe kidogo. “Sikupi hilo. Kaa nalo jambo lako. Na sifa hizi nazo kaa nazo, nimekuongezea.”

“Nisamehe.”

“Shikamoo, Baba Kasiani,” alisema Justina, kwa sauti ya kusikika na wote, na watu wakaona jinsi anavyomheshimu mwokozi wake, wakashangilia tena.

Fakihi alileta daftari. Justina alitia sahihi yake polepole, herufi kubwa kubwa. Mwalimu akatia yake yenye mikia. Kisha kalamu ikawekwa mkononi mwa hakimu. Yeremia aliijua sheria. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewawekea mahakimu waliozidiwa kura karatasi kama hiyo mbele yao, akiwaonyesha kwa kidole mahali pa kuandika. Akasoma: Picha haina hatia ya uongo, karani alitenda haki. Akatia sahihi.

Justina alikuwa ameshafika mlangoni, lakini hakutoka. Aliegemea mhimili, kitenge cha kijani kikipigwa na jua la nje, akangoja kama mtu aliyebakiza kipande kimoja cha kazi.

“Sasa nang'olo,” Fakihi alisema, akimsukumia Yeremia kikombe cha chai, “tukupumzishe na baraza. Tusimulie wewe mwenyewe. Wale majambazi watatu, uliwafanyaje?”

“Tusimulie!” banda likaitikia. Walikaa chini wote, wakubwa kwa wadogo, wakajibana wapate nafasi ya mbele. Mwalimu Elineema alivua miwani akaifuta, asipitwe na kitu. Nyuso mia zilimtazama Yeremia kwa mapenzi. Hajawahi kutazamwa hivyo maisha yake yote, wala na Oliva, wala na watoto wake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtu wa pembeni anayeandika maneno ya wengine, na hakuna aliyewahi kujibana apate kumsikia.

Aliangalia mlangoni. Justina alikuwa anamtazama bila kupepesa.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuinuka, akasema kichwa kinamuuma, akaenda zake. Njia ilikuwa wazi, na alijua iko wazi. Lakini kitu fulani kilimpanda kifuani, cha moto na kitamu, na yeye mwenyewe alikionea kinyaa kilipokuwa kinapanda, lakini hakukimeza. Akanywa funda la chai. Akakohoa kidogo, akajiweka sawa kitini.

“Hawakuwa watatu,” alisema. “Walikuwa wanne.”